Kila Picha Ina Mmoja Wetu

Simu ya kupigia picha tunayo moja, na jicho lake la mbele
lilipasuka pale Nyawera, siku ya tatu tangu tufike Bukavu,
Ntandu aliposhuka kwenye pikipiki
kabla pikipiki yenyewe haijasimama.
Tangu hapo tunapokezana:
mmoja asimame, mmoja apige.

Huyu ni mimi, rasi ya Muhumba,
jicho moja nimelifumba kwa jua,
ziwa limetandikwa nyuma yangu halina hata kunyanzi.
Huyu ni yeye, kwenye ngazi za kanisa kuu,
kavaa koti langu la mvua, mikono inaishia viwikoni.
Daraja la Ruzizi halimo.
Askari alitikisa kidole kabla simu haijatoka mfukoni,
tukabaki kuyatazama maji
yanavyopita katikati ya nchi mbili bila kuulizwa pasi.
"Haya yatatutangulia Kigoma," akasema Ntandu,
kisha akanyamaza hadi nyumbani.

Kwa ajili ya gorila tulidunduliza miezi mitano
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mtu wa dirishani akaziinua dola kwenye mwanga, moja moja,
kama daktari na picha ya mapafu.
"Hii haipite, mama. Iko na tundu."
Tundu! Ncha ya sindano isingepenya.
Kwetu Singida noti iliyoungwa kwa gundi
inanunua mbuzi na kurudisha chenji.
Zikabaki za kiingilio cha mtu mmoja.
Nenda wewe. Hapana, nenda wewe.
Tukasukumana hivyo mpaka mvua ikatuamulia,
tukala mkate na parachichi chini ya paa la lango.
Picha ipo: mimi na gorila,
gorila wa kuchorwa kwenye kibao, rangi imembanduka puani.

Siku za kazi hazina picha.
Asubuhi yeye hushuka Panzi kufundisha hesabu,
chaki inamrudisha mweupe mpaka nyusi.
Mimi na Mama Nabintu tunapanda Kadutu,
matope ya mlima yananivua kandambili.
Mwanzoni niliomba mchicha, wakacheka meza nzima.
"Lengalenga, mama! Sema lengalenga!"
Nikasema. Wakaniongeza fungu.
Sambaza napimiwa kwa kikombe chenye tako nene,
nalalamikia tako, namalizia kulipa.
Jioni tunagombana kuhusu pipa la maji,
nani aliliacha wazi, nani kaua mjusi humo.
Umeme ukikatika ugomvi nao unakatika,
kwa kuwa hakuna anayeuona uso wa mwenzake.

Juzi usiku, usingizini, akaniuliza:
"Ufunguo iko fasi gani?"
Ntandu huyu, aliyekuwa akisahihisha barua za mapenzi
kwa kalamu nyekundu!
Nikamjibu, sijui kama nililala au niko macho:
"Fasi ya siku zote."

Mama yake akapiga simu Jumapili.
Picha zote kaziona, kamwonyesha na shemasi.
"Mwanangu, niambie ukweli," sauti ameishusha,
"mmeachana lini?"

Nilicheka, halafu sikucheka.
Nikazipitia tena, zile mia na kitu:
yeye, mimi, mimi, yeye, ziwa, yeye.
Watu wawili wanaofuatana mji mzima
na hawajakutana.

Basi hii hapa. Si ya matembezi.
Mshumaa uko juu ya kopo la maziwa,
tunachambua mchele, vichwa vimekaribiana,
mdomo wangu uko wazi, nilikuwa namsema.
Nabintu wa jirani, ana miaka sita, ndiye aliyebonyeza.
Imetikisika. Kona ya kushoto
kidole chake kimeziba robo ya chumba,
chekundu kwa moto wa mshumaa.

Nilitaka kukikata kabla sijaituma.
Ntandu akanishika mkono.
Imekwenda Singida na kidole chake.